Skafu ya Mbwembwe kwa Uzi Usiouzoea: Mambo ya Kufanya na Kutofanya

Mtu aliyefuma masweta ya shule kwa miaka huiona skafu kuwa kazi ya kujifunzia. Kwa uzi wa kawaida yuko sahihi: unaanzisha vitanzi vyako, unakwenda na kurudi mpaka urefu utoshe, basi. Lakini siku hizi dukani, kando ya madonge ya akriliki ya bluu na maruni, zimepangwa nyuzi za namna nyingine kabisa. Kuna unaofunguka ukawa wavu, kuna wenye manyoya marefu, kuna wa mahameli, kuna mnene hapa na mwembamba pale. Nyuzi hizi ni ghali, hazimvumilii mfumaji anayekwenda kwa mazoea, na skafu ikiharibika nazo, nyingi hazifumuliki zikawa uzi tena. Kwa hiyo yafuatayo usiyachukue kama ushauri wa kuchagua.

Kabla ya kushika sindano

Soma lebo yote kabla hujalipa. Tafuta mambo matatu: uzi umetengenezwa kwa nini, una mita ngapi, na unataka sindano ya milimita ngapi. Mita ndizo zinazowaponza wengi. Donge la gramu 100 la uzi wa kawaida wa sweta lina mita 200 na zaidi. Donge la gramu 100 la uzi wa wavu linaweza kuwa na mita kama 27 tu. Anayenunua kwa kupima uzito mkononi anaweza kuishiwa uzi skafu ikiwa bado kola.

Nunua madonge yote siku moja, na hakikisha namba ya loti ni ile ile. Namba ya rangi haitoshi. Rangi moja ikichovywa mara mbili hutoka tofauti kidogo. Dukani tofauti hiyo huioni, ila ukitoka juani mstari wa pale ulipounganisha donge jipya utaonekana na kila mtu.

Usikubali neno la muuzaji kwamba "hii ni sufu safi" kama lebo haipo. Pima kwa moto. Kata kipande cha urefu wa kidole, kishike kwa kibano juu ya beseni la maji, uguse ncha kwa kiberiti. Sufu hunuka nywele zilizoungua, huzimika yenyewe ukiondoa moto, na jivu lake husagika vidoleni. Pamba huwaka haraka, hunuka karatasi, huacha jivu jepesi la kijivu. Akriliki huyeyuka, hutoa moshi mweusi, na huacha kidonge kigumu kisichosagika. Usilifanye jaribio hili ndani ya chumba chenye mapazia, wala usimwachie mtoto alifanye. Ukilifanya vizuri utajua mambo mengi kwa mpigo mmoja: uzi utafuliwaje, utapigwa pasi au la, na atakayeuvaa anaweza kukaa karibu na jiko au hawezi. Hilo la mwisho nitalirudia.

Usinunue sweta la mtumba kwa ajili ya kulifumua mpaka uligeuze ndani nje. Uzi mzuri kuliko wote unaopatikana kwetu kwa bei nafuu, sufu ya kondoo, mohea, hata kashmiri, umelala kwenye marundo ya mitumba, katika masoko kama Gikomba la Nairobi na Karume la Dar es Salaam. Lakini tazama mishono ya pembeni. Kama kingo zimekatwa kwa mkasi na kupigwa ovaloki, liache hapo hapo. Uzi wake umekatika kila mstari, na ukilifumua utapata vipande vifupi visivyofaa kitu. Unalolitaka ni lile ambalo kila kipande kilifumwa kikaishia ukingoni chenyewe, kisha vikaunganishwa kwa uzi mmoja. Ukivuta huo uzi mmoja, sweta lote linaachia. Likague makwapani pia, na viwikoni: sufu iliyokwisha kuganda kwa kufuliwa na maji ya moto haifumuki tena.

Ukishalifumua, usifumie uzi ule uliojikunja. Uzungushe kwenye mgongo wa kiti, uufunge sehemu nne kwa vipande vya uzi mwingine, uuloweke kwenye maji ya vuguvugu, kisha uutundike ukiwa umelowa, na kitu chepesi kikiuvuta chini. Ukikauka umenyooka. Mfumaji anayeruka hatua hii hupata vitanzi vilivyolegea hapa na kubana pale, kisha husingizia uzi.

Usisome "sindano namba 10" ukaishia hapo. Vitabu vya zamani vya Uingereza, ambavyo bado vinazunguka mikononi mwa mama zetu, huhesabu kinyume na vile vya Marekani. Namba 10 ya Uingereza ni milimita 3.25, namba 10 ya Marekani ni milimita 6. Kwa sindano ya kwanza skafu yako itasimama wima kama ubao. Kwa ya pili itaning'inia inavyotakiwa. Zungumza kwa milimita, nunua kwa milimita. Kama sindano zako zimefutika namba, tafuta kile kibao chenye matundu ya kupimia, uzipime zote, uziandike upya.

Linganisha sindano na tabia ya uzi. Uzi unaoteleza, kama wa viskosi ya mianzi au utepe wa satini, ufumie sindano za mbao au za mianzi zinazoushika kidogo. Uzi wenye manyoya yanayong'ang'ania, ufumie sindano za chuma zilizo laini.

Fuma kipande cha majaribio. Hapa sibembelezi mtu. Anzisha vitanzi 20, fuma mpaka upate kimo cha sentimita 10 au zaidi, funga, kifue hasa kama utakavyoifua skafu, kikaushe, ndipo upime. Kama sentimita 10 zimechukua vitanzi 14, skafu ya upana wa sentimita 20 itataka vitanzi 28. Hesabu hiyo huipati kwa kukisia. Kipande hicho kitakuambia pia kama rangi inachuja, kama pamba inajivuta kwa uzito wake, kama mahameli yanapukutika. Wapo wanaosema majaribio yanamaliza uzi. Kinachomaliza uzi ni skafu nzima iliyotupwa kabatini.

Na usichague mtindo wenye nakshi. Hili ndilo kosa linalofanywa na mafundi wazuri zaidi, kwa sababu wana ujuzi na wanataka uonekane. Uzi wa namna hii umekuja na mbwembwe zake. Ukiufuma misokoto, majani, matundu ya kupendeza, vyote vitamezwa na manyoya au vitagombana na rangi, na kazi ya usiku kucha itaonekana kama fundo lililokosewa. Kila mstari ufume namna moja, ule ufumaji wa mbele tuliofundishwa mwanzo kabisa, usiojikunja kingo na unaofanana pande zote mbili. Uache uzi ucheze. Wewe kazi yako ni kuushika sawa ili ucheze vizuri, na kazi hiyo inataka adabu kuliko nakshi yoyote.

Uzi wa wavu

Huu ndio unaowachanganya watu zaidi, kwa sababu ukiwa kwenye donge unaonekana ni kamba nene ya kawaida. Si kamba. Ni utepe wa wavu uliokunjwa, na ukiufungua kwa vidole unapanuka karibu upana wa kiganja. Ukingo mmoja una matundu makubwa yaliyopangana; ukingo wa pili mara nyingi una rangi ya kung'aa au uzi wa dhahabu. Sindano inaingia kwenye ukingo wa matundu peke yake. Utepe uliobaki unaning'inia wenyewe, na huko kuning'inia ndiko kunakofanya yale malinda yanayojizungusha shingoni.

Usiufume ukiwa umekunjika. Ukipitisha sindano katikati ya kamba nzima kama uzi wa sweta, utapata mkeka mgumu usio na malinda hata moja, na utakuwa umelipia mapambo ukayazika.

Anza hivi. Fungua utepe kama nusu mita. Ncha iliyokatwa ikunje mara mbili kwa ndani, uipige mishono michache kwa sindano ya mkono na uzi wa kushonea wa rangi hiyo hiyo, maana wavu huu huchanika kuanzia kwenye ncha. Kisha ingiza ncha ya sindano ya kufumia kwenye tundu la kwanza la ukingo wa matundu, ruka moja, ingia linalofuata, ruka, ingia, mpaka upate vitanzi sita. Sita vinatosha. Ukiongeza hadi kumi skafu itakuwa nene na fupi, na donge litaisha ukiwa katikati. Mstari wa kwanza: ingiza sindano ya kulia kwenye kitanzi kama kawaida, lakini badala ya kuzungusha uzi, ruka tundu moja la ukingo, chokoa linalofuata kwa ncha ya sindano na ulivute lipite. Kitanzi cha zamani kinaachia. Rudia. Geuza, rudi.

Usivute kwa nguvu. Vitanzi hivi si vya uzi uliosokotwa, ni vijicho vya wavu, na kijicho kikikatika shimo litaonekana. Usirukeruke bila mpango pia: ukiamua kuchukua kila tundu la pili, chukua la pili mpaka mwisho. Anayechukua la pili hapa na la nne pale anapata malinda mazito upande mmoja na upara upande mwingine.

Kabla ya kuanza, au kila baada ya mita chache, uzungushe utepe uliofunguliwa kwenye kipande cha boksi ili ukufikie ukiwa bapa. Usiache donge lidunde sakafuni likijisokota. Nusu ya hasira zote za uzi huu hutokana na kujisokota, na dawa ni ya bure.

Donge moja la gramu 100 kwa vitanzi sita linatoa skafu nzima. Bakiza utepe wa kama nusu mita. Badala ya kufunga vitanzi kimoja kimoja, pitisha ile ncha ndani ya vitanzi vyote sita, kaza, ikunje na uishone kwa uzi wa kawaida. Usifunge fundo ukakata karibu. Fundo la wavu hufunguka.

Uzi wa manyoya

Huu una uzi mwembamba wa kati na manyoya yanayochomoza pembeni, mafupi kama kope au marefu kama kidole. Tatizo lake ni moja na ni kubwa: huoni unachokifanya. Vitanzi vimefunikwa. Kwa hiyo acha kutegemea macho, hesabu kwa vidole. Mwisho wa kila mstari, si kila mstari wa tano, pitisha kidole gumba juu ya sindano na uhesabu. Vikiwa 24 viwe 24. Kikipungua kimoja, kimeanguka ndani ya manyoya na kinaendelea kushuka wakati wewe unaangalia tamthilia.

Ushike pamoja na uzi wa kawaida, mwembamba, wa rangi inayokaribiana. Nyuzi mbili kwa mkupuo mmoja. Ule wa kawaida unaipa skafu mwili na unakupa kitu cha kushika. Wa manyoya unafanya mapambo. Hii ndiyo njia ya kufanya donge moja la ghali litoshe, na sioni sababu ya mtu kuufuma peke yake kwa mara ya kwanza. Tumia sindano ya milimita 6 hadi 8. Ukibana, manyoya yatalala ndani na utabaki na kitambaa kilichokunjamana.

Weka uzi wa akiba kila baada ya mistari kumi. Chukua uzi laini wa pamba wa rangi tofauti, upitishe kwa sindano butu ndani ya vitanzi vyote vilivyo kwenye sindano yako, kisha endelea kufuma ukiuacha humo. Ukikosea mbele, utafumua mpaka hapo na vitanzi vyote vitakungoja. Mwisho wa kazi unauvuta unatoka.

Usifumue kwa kuvuta kwa pupa. Uzi wa kawaida ukiuvuta unakimbia. Huu manyoya yake hushikana na ya mstari wa chini, na ukilazimisha unakata uzi wa kati. Fungua kitanzi kimoja kimoja kwa ncha ya sindano. Kwa mohea, ambayo nywele zake ndefu za mbuzi wa Angora hung'ang'aniana hata zaidi, wafumaji huiweka kazi kwenye friza kwa muda, ndani ya chombo chenye mfuniko, nywele zikakaza na kuachiana. Ni kazi ya subira, na asiye nayo aende akafume soksi za akriliki.

Ukimaliza, ikung'ute skafu kwa nguvu nje ya nyumba, kisha kwa ncha ya sindano chokonoa manyoya yaliyonaswa ndani ya vitanzi, yatoke upande wa mbele. Skafu isiyochokonolewa huonekana kuukuu siku ya kwanza.

Mahameli nitayasema kwa kifupi. Fuma kwa kubana kidogo, kwa sindano ndogo kuliko uliyozoea, kwa sababu ukilegeza vitanzi vyake hujitokeza nje vyenyewe na kuning'inia kama minyoo. Ncha iliyokatwa hupukutisha unyoya. Ifiche ndani ya ufumaji urefu wa kidole kizima. Na pamba nzito: ifume fupi kuliko unavyotaka, maana ikining'inia shingoni itajivuta yenyewe.

Baada ya kufunga vitanzi

Usiipige pasi skafu ya akriliki wala ya manyoya ya poliesta. Joto huua uzi huo: hulegea, hung'aa vibaya, na haurudi. Lebo ikiwa na picha ya pasi iliyokatwa kwa mistari miwili inayopishana, imekwisha kukuambia.

Sufu usiifikiche wala usiihamishe kutoka maji ya moto kwenda ya baridi. Iloweke kwenye maji ya vuguvugu yenye sabuni kidogo, ikandamize kwa viganja, isuuze kwa maji ya joto lile lile, iviringishe ndani ya taulo, kisha ilaze bapa kivulini. Usiitundike kambani kwa vibanio. Yenye viskosi ya mianzi ndiyo ya kuangaliwa zaidi ikiwa imelowa, kwa sababu wakati huo nguvu zake hupungua na ukiikamua unaichana.

Ukimpa mtu skafu hii, mpe na lebo. Ukimpa bila lebo, itafuliwa pamoja na jinzi.

Shingoni

Hapa ndipo ninapokaza kuliko kote, kwa sababu sehemu zilizotangulia zilihusu uzi na pesa, na hii inahusu uhai wa mvaaji.

Usimvishe mpishi skafu ya uzi wa mapambo akiwa jikoni. Nyuzi nyingi za mapambo ni akriliki, poliesta au nailoni, na umeona mwenyewe kwenye jaribio la moto zinavyofanya: zinayeyuka, na kinachoyeyuka hugandamana na ngozi. Manyoya marefu na malinda yanayoning'inia hufika kwenye jiko la mkaa au la gesi kabla mvaaji hajahisi joto. Bibi anayeota moto kwenye baridi ya Njombe, kusini mwa Tanzania, mwezi Julai mfumie sufu halisi, nyembamba, isiyo na malinda, na uithibitishe kwa kiberiti kabla ya kuianza.

Usimwache mtu apande bodaboda skafu ikipepea. Isadora Duncan, mcheza dansi maarufu wa Marekani, alikufa Nice, Ufaransa, tarehe 14 Septemba 1927, baada ya skafu yake ndefu ya hariri kunaswa na gurudumu la gari la wazi alilokuwa amepanda. Gari lile lilikuwa na gurudumu moja karibu yake. Abiria wa bodaboda ana gurudumu na cheni chini ya nyonga, na kila aliyewahi kuona kanga au dera likinaswa njiani anajua mambo yanavyokwenda haraka. Skafu ndefu ivuliwe, iwekwe ndani ya mkoba. Kama mvaaji wako hupanda pikipiki kila siku, usimfumie ndefu kabisa: kipimo cha kawaida cha skafu ni karibu sawa na kimo cha mvaaji, lakini yeye mpe ya kuzunguka shingo mara moja na kuingia ndani ya koti.

Mtoto mdogo asifumiwe skafu ya kufunga. Mfumie pete ya shingo: kipande kifupi chenye upana wa kiganja, kinachofunika koo na kuishia hapo, na ncha zake zishikane kwa vifungo vya kubana vinavyoachia vikivutwa. Kabla hujampelekea, kishike kipande mikono miwili ukivute ghafla kama kinavyoweza kuvutwa na tawi au na mwenzake anayemkimbiza. Kisipoachia kwa mvuto mmoja, toa kifungo hicho ushone kilicholegea zaidi. Ushanga, vifundo vya kung'oka na manyoya marefu usiweke kwa aliye chini ya miaka mitatu, kwa sababu vitaishia mdomoni. Rangi mpe zote anazozitaka, hata kama ni pinki na kijani cha limau.